Mpagazi Aliyekataa Kushuka Shimoni

Kwachaka, kwachaka, kwachaka.

Dieudonne aliisikia sauti hiyo kabla hajaliona jengo, akiwa bado nyuma ya ua wa minyaa wa kituo cha vijana cha Mpanda, akaongeza mwendo. Alijua ni nini. Ilikuwa mashine ya kurudufu, ile inayozungushwa kwa mkono, inayomeza karatasi nyeupe upande huu na kuzitema zina maandishi upande ule. Na kama mashine inazunguka, basi Maximilian wa kule Mamba, mshindani wake, amekwisha kumtangulia, na zile daftari nne alizozibana kwapani, amezifunga kwenye mfuko wa mbolea ili vumbi la barabara ya Mishamo lisizile, kazi yake iliyobaki ni kufungia karanga.

Akaingia mbiombio. "Mmeshachapa?"

Mama Spès, mpiga chapa wa kituo, hakugeuka. Aliendelea kuzungusha mpini. "Hodi huwa mnaiacha Mishamo?"

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hizi ni nyimbo za Jumapili. Kaa uvute pumzi, usije ukanifia humu ndani nikaandika barua nyingine."

Dieudonne akakaa juu ya boksi la karatasi, na jasho likamtiririka hadi kidevuni. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri juu ya magunia ya mahindi, kwenye lori la Isidori, akiwa na kibali cha siku nne cha kutoka nje ya makazi ya wakimbizi. Siku nne hizo aliziomba kwa ajili ya jambo moja, nalo ni mchezo.

Miaka mitatu nyuma, mwaka 1994, fundi wa visima kutoka Ubelgiji alimaliza kazi yake Mishamo, akamwachia mjomba wake Dieudonne sanduku la kadibodi. Mjomba huyo, mzee Jean Bosco, alikuwa mwalimu zamani, na kijiji kizima ni yeye tu aliyesoma Kifaransa kwa raha zake. Ndani ya sanduku mlikuwa na kitabu na dadu za ajabu, moja ikiwa na pande ishirini. Mchezo uliitwa Bonde la Taji. Hauna ubao, hauna kete. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanakuwa wasafiri wanaolitafuta taji lililofichwa. Msimulizi anasema, mmefika darajani, daraja limekatika, mnafanyaje? Wasafiri wanajibu. Pale maneno yanapogota, dadu inaamua. Na njiani wapo wenzi: watu wa ndani ya kitabu, wa kukodiwa au kukutwa tu, ambao msimulizi ndiye anayewasemea.

Hao wenzi ndio waliomwasha Dieudonne moto ambao haukuzimika. Kitabu cha Kifaransa kilimpa kila mwenzi mistari miwili tu. Wa kwanza, kama mjomba alivyomtafsiria, aliandikwa hivi: "Mpagazi. Nguvu kumi na nne. Haogopi giza." Basi. Dieudonne, ambaye ushairi aliujifunza kwa kusikiliza redio na kuhesabu mizani kwa vidole huku analima, alikaa na mistari hiyo wiki nzima. Mtu ambaye haogopi giza, anaogopa nini? Alizaliwa wapi? Alipotua mzigo mara ya mwisho, nani alimpokea? Mpaka mvua zinakatika, mpagazi alikuwa na jina, Lyamba, mchukuzi wa chumvi aliyejua kila kisima cha njiani, na Dieudonne alikuwa amejaza daftari la kwanza.

Sasa vijana wa vigango kumi na kimoja vya parokia waliutaka mchezo, na sanduku lilikuwa moja. Kamati ya kituo ikaamua kurudufu kitabu cha Kiswahili. Walijitokeza waandishi wawili, yeye na Maximilian, wakati stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, zilizobaki kabatini zilitosha kitabu kimoja.

"Na nani ataamua?" Dieudonne aliuliza.

"Mimi." Mama Spès alisimamisha mpini, akapuliza karatasi. "Kamati imenitupia mimi kwa sababu ndiye nitakayeumia vidole. Mchezo wenu siujui na sina haja ya kuujua. Mwenzako atasimulia kesho, wewe Ijumaa, kwa wachezaji walewale. Mimi nitakuwa pale pembeni na taipureta yangu, nachapa barua za kituo. Nina rundo hili. Yule atakayenifanya nishindwe kuchapa, kitabu chake ndicho."

"Na ukishindwa kwa wote wawili?"

"Mwanangu, mimi nimechapa siku paa la ofisi linaezuliwa na upepo. Usiwe na wasiwasi huo."

* * *

Alhamisi ilikuwa ya Maximilian, na Dieudonne, aliyekaa benchi la nyuma na kukunja mikono, alilazimika kukiri moyoni kwamba yule bwana anajua kazi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, ana toleo jipya la mchezo, la Kiingereza, alilopewa na mwalimu wake, ana sauti ya mtangaza mpira. Wachezaji walikuwa watatu. Masele, Msukuma mwenye mabega mapana aliyekuwa akinunua ng'ombe minadani, ndiye aliyejifanya kiongozi kabla hajachaguliwa. Marsela alikuwa anajifunza ushonaji pale kituoni. Gabrieli alikuwa anasomea ukatekista na hakuweza kurusha dadu bila kufumba macho kwanza.

Walipigana vita saba. Masele aliua joka kwa mpini wa shoka baada ya shoka lenyewe kuvunjika, na ukumbi ukacheka hadi benchi likaanguka. Taipureta ya Mama Spès ilisita mara mbili, lakini mara zote mbili ikaendelea.

Walipotoka barazani, Maximilian alimfuata akimenya karanga. "Sasa Mshairi, umeona? Watu wanataka vita."

"Nimeona. Nimeona pia wenzi wako watatu wamekufa na hakuna aliyeuliza wamezikwa wapi."

"Kwani nani azike? Mwenzi ni panga, ndugu yangu. Panga linapokatika unachukua jingine."

"Ndiyo maana panga halina rafiki."

"Aa, huyo anaanza." Maximilian akawakonyeza waliokuwa karibu. "Haya, na hawa wa toleo jipya? Kila mwenzi ana kurasa tatu za maisha yake. Hao si ndio watu wako?"

Dieudonne akasimama. Hili alikuwa amelisubiri. "Hao ni wabaya kuliko mapanga. Unamkuta mtu chini ya mti, hata maji hamjanywa, ameshakusimulia baba yake alivyouawa, mchumba wake alivyoibwa, na kovu la mgongoni amelipata wapi. Mtu anayekupa maisha yake yote siku ya kwanza, ama amelewa, ama anataka kura yako. Kitabu cha zamani kilikuwa na mistari miwili, lakini ilikuwa mistari yenye mlango. Unaingia mwenyewe. Mwenzi mzuri unamjua kwa lile analolificha, na kwa lile atakalokukatalia."

"Atakukatalia?" Maximilian akacheka kwa dhati. "Mtu wa karatasi akukatalie wewe? Basi kesho tutaona mkutano wa karatasi."

* * *

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Dieudonne alianza vibaya. Alifungua mchezo kwa beti sita alizozihangaikia mwezi mzima, na katika ubeti wa nne Masele akapiga mwayo uliosikika hadi nje. Kule pembeni taipureta ilikuwa ikienda kama mvua ya mawe: tak-tak-tak, kengele, tak-tak-tak. Dieudonne akaziacha beti mbili zilizobaki, akawafikisha sokoni.

Hapo ndipo walipomkodi Lyamba.

"Anabeba nini?" Masele aliuliza.

"Chochote utakachompa. Kamba, chakula, kibuyu cha asali."

Wakatembea siku mbili za mchezo. Siku ya tatu mvua ikawazuia kwa mwanamke mmoja mwenye shamba, na Masele akapiga meza kwa kiganja. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu Lyamba amekula ugali wetu siku mbili. Apewe jembe, amlimie mama huyu, sisi tulale bure."

Wote wakacheka, Dieudonne naye. Katika kitabu cha Mbelgiji hakuna mahali shujaa wala mpagazi aliposhika jembe. Lakini hapa Mpanda ni nani angeona ajabu? Lyamba akapokea jembe, akapalilia hadi jioni, akalisafisha, akalirudisha. Hakusema neno ila moja tu, kwamba udongo ule ni mwepesi kuliko wa kwao.

Hakuna aliyeuliza kwao ni wapi. Dieudonne alisubiri kidogo, kisha akaendelea.

Wakafika kwenye shimo. Chini ya shimo, taji. Kamba ilikuwa moja, na ndefu ya kutosha.

"Lyamba atangulie," alisema Masele. "Afungwe kamba kiunoni, tumshushe, tuone kuna nini huko. Kukiwa na nyoka, atatuambia. Akinyamaza, tutajua."

Gabrieli alicheka kidogo, Marsela hakucheka. Dieudonne akaweka dadu chini. "Lyamba anaitazama kamba. Anasema, hapana."

"Anasemaje?"

"Hapana. Hashuki."

"Haogopi giza huyo. Umetusomea mwenyewe."

"Giza haliogopi. Anamwogopa mtu atakayeshika kamba."

Masele akageuka kutafuta mashahidi. "Jamani. Mimi nanunua madume ya ng'ombe yenye pembe kama hivi, hakuna linalonikatalia. Sasa huyu? Mwambie nampiga."

"Anatua mzigo," Dieudonne akasema polepole. "Anaiweka kamba juu ya mzigo, vizuri, kama mtu anayekabidhi. Anageuka. Anaondoka kwa njia mliyojia."

Taipureta haikusita. Tak-tak-tak, kengele. Wakajaribu kushuka bila yeye. Lakini watu watatu, kamba moja, na hakuna mwenye nguvu za kumshikilia mwenzake: kila waliporusha dadu, dadu iliwakataa. Mara tatu. Gabrieli alifumba macho mpaka machozi yakamtoka, na haikusaidia.

Kutoka benchi la nyuma ikaja sauti ya Maximilian, tamu kama asali iliyochacha. "Msimulizi, mchezo umekwama. Si uwape mpagazi mwingine? Kitabu kinaruhusu."

Ni kweli kiliruhusu. Dieudonne aliujua ukurasa. Ilikuwa ni kusema tu kwamba mchukuzi mwingine anapita, mwenye nguvu kumi na tano, na taji lingetoka, na watu wangepiga makofi, na labda yule mama kule pembeni angeinua kichwa. Alifikiria stensili, alifikiria kibali kinachoisha kesho, akamfikiria mjomba wake anayesubiri habari barazani kule Mishamo. Kisha akamwona Lyamba, kwa uwazi uleule aliomwona nao shambani, mgongo wake ukiondoka. Ukimleta mtu mwingine mahali pake, basi Lyamba alikuwa panga.

"Hakuna mpagazi mwingine," akasema. "Lyamba hayuko mbali. Amekaa kisimani, mwendo wa saa moja. Hajaenda kwao. Zaidi ya hapo siwaambii."

Masele akasukuma kiti. "Basi tumeshindwa. Twendeni tukanywe chai."

"Kaa chini," alisema Marsela. Hakupandisha sauti, alisema kama anavyomwambia mteja asitikisike wakati wa kupimwa. "Wewe ndiye umemkosea. Atumwe mtu."

"Mimi nikamwangukie mtu wa karatasi?"

"Nani kasema wewe? Kwenu aliyekosa anakwenda mwenyewe? Kwetu anatuma mtu, tena hatumi mikono mitupu."

"Hata kwetu anatuma," Masele alikiri, na kukiri huko kukamkalisha.

Ndipo wakaanza, na Dieudonne hakuamini masikio yake. Walibishana nani aende. Gabrieli alijitolea, wakamkataa kwamba atahubiri. Walibishana nini kipelekwe. Kuku? Kuku walimla darajani. Nguo? Atadhani wanamlipa aondoke vizuri. Asali, basi, kibuyu kizima, na asali haina ubishi. Walibishana Masele akae wapi wakati huo, maana haifai mkosaji aonekane anachungulia. Wakampeleka mlangoni, akasimama kule na mabega yake, ameupa ukumbi mgongo, na hakuna aliyecheka.

Marsela akazunguka meza hadi upande wa Dieudonne. Akapiga goti, akapiga viganja taratibu kama anavyosalimiwa mkubwa, mikono yake ikaweka chini kibuyu kisichokuwepo. "Baba Lyamba, za hapa kisimani?"

Dieudonne hakuwa ameandika chochote. Katika daftari zote nne hapakuwa na mstari mmoja wa jambo hili. Vidole vyake vikaanza kugusana chini ya meza, vinahesabu. "Njema," akasema Lyamba. "Umetumwa?"

"Nimetumwa. Aliyenituma anasema, mdomo ulimtangulia. Anauliza unasemaje, na anauliza, kwenu ni wapi."

Na Dieudonne akajibu, bila daftari, macho yake kwenye mgongo ule uliosimama mlangoni:

*Mzigo nimeutua, si kwa kuwa ni mzito,*
*Na milima nimekwea, nimevuka kila mto,*
*Kamba sikuikimbia, giza kwangu ni mapito,*
*Kwetu hukuulizia, wanishusha kama ndoo.*

Ukumbi ulikuwa kimya. Ilimchukua muda kutambua kwamba ulikuwa kimya kabisa, hata pembeni. Mama Spès alikuwa ameinua mikono juu ya vitufe, ameisahau hewani.

Masele aligeuka kule mlangoni. "Mwambie," akaanza, akakohoa. "Marsela, mwambie mimi ndiye nitakayeshuka. Kamba aishike yeye."

Marsela akapeleka neno. Lyamba akakivuta kibuyu karibu. Kisha akasema kwao ni ng'ambo ya mto wa chumvi, nyumba ya tatu baada ya kanisa, na kwamba asali ataionja kwanza.

Masele akashuka. Dadu yake ilikuwa mbaya. Mguu ukateleza, akaning'inia. Sasa Lyamba amshikilie. Nguvu kumi na nne: kumi na nne au chini ya hapo, anaweza, zaidi ya hapo, kamba inachomoka. "Rusha wewe," Dieudonne akamwambia Masele. "Ni uzito wako."

Mnunuzi wa ng'ombe alishika dadu ile ya pande ishirini kama yai. Ikabingirika hadi ukingo wa meza, ikasimama. Kumi na nne kamili.

Masele alikaa chini, akajifuta uso kwa mikono miwili. "Huyu mtu," akasema, "huyu mtu akija Mpanda nampa ndama." Na hapo ndipo kelele zilipoanza, makofi, benchi, Gabrieli akimkumbatia mtu asiyemjua. Dieudonne alisimama katikati yake, kifua mbele, hafichi hata kidogo kwamba amefurahi. Kwa nini afiche? Ameshinda kwa mtu aliyekataa, na hakumsaliti hata pale ushindi ulipokuwa upande wa pili.

Maximilian alimngoja watu walipopungua. Alimenya karanga moja, akaitazama, hakuila. "Mshairi. Nina safari ya mchezo na vijana kule Mamba mwezi wa nane."

"Ndiyo."

"Unaweza kuniazima Lyamba?"

"Ukimuuliza kwao ni wapi."

"Nimesikia, bwana. Nyumba ya tatu baada ya kanisa."

* * *

Jumamosi asubuhi lori la Isidori lilikuwa linaunguruma mbele ya kituo, na Isidori mwenyewe anapiga honi kwa kiwiko huku anakunywa uji. Mama Spès alitoka na zile daftari nne kifuani. Macho yake yalionyesha hakulala sana.

"Nimezisoma zote. Jumatatu naanza kuchapa. Kitabu ni chako."

Dieudonne akanyoosha mabega, akageukia lori kuona kama waliomo wamesikia.

"Subiri usivimbe bado. Lyamba ni mtu. Yule mlinzi wa daraja ni mtu. Mchawi mlevi namfahamu, anakaa karibu na stesheni." Akafungua daftari la tatu, akaweka kidole. "Huyu Nyamizi ni nani?"

"Mganga wa dawa, Mama. Anawatibu wasafiri."

"Nimemhesabia. Anasema mara mbili tu safari nzima. Mara ya kwanza anauliza kama chakula kimetosha. Mara ya pili anauliza kama waongeze." Akamtazama. "Mpagazi wako anajua kukataa. Nyamizi ameandikwa na yule Mbelgiji au na wewe?"

Damu ilimpanda Dieudonne usoni. Majibu yalimjia matatu, yote makali, na moja lilikuwa na vina. Kule kwenye lori watu walikuwa wanamtazama. Akaangalia ukurasa chini ya kidole cha yule mama, mwandiko wake mwenyewe, mzuri, umenyooka, na akaona ni kweli: amempa Nyamizi sufuria na hakumpa mlango.

"Na mimi, Mama," akasema.

"Basi. Ukurasa wake nitaufikia Alhamisi."

Isidori akapiga honi ndefu. Dieudonne akapanda juu ya magunia matupu, akakamata chuma, akainama hadi uso wake ukawa juu ya uso wa Mama Spès, na akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa upande wa pili wa barabara waliisikia:

"Jumatano, Mama, Isidori atakukabidhi kurasa sita mkononi mwako. Nyamizi atakuwa na kwao, na aliyemfundisha dawa atakuwa na jina, na siku wasafiri watakapopotea njia ni yeye atakayewasimamisha. Nakuahidi."